Nilitoa upepo wa Kyuso, nikatoa na mbuzi

Wakuu, hamjambo. Hii si hekaya ya kutunga, bibi harusi mwenyewe amenipa ruhusa niiandike.

Mimi ni mtu wa sound hapa Emali. Juzi jirani yangu Mwende alikuwa anaolewa. Amelelewa na nyanya yake kule Kyuso, yeye humwita susu. Gari humtapisha susu vibaya, kwa hiyo hangeweza kuja. Wakakubaliana atume baraka kwa simu, nizicheze kanisani.

Sasa, susu anaamini bila network simu haiwezi hata kurekodi. Akapanda kilima chenye network, mbuzi wakimfuata na kengele zao shingoni, akaongea huko juu kwenye upepo.

Nilipoifungua, wueh. Ngurumo ya upepo mwanzo hadi mwisho, na juu yake nyenje wanalia bila kupumua. Harusi ni kesho, susu ameshashuka kilima, hapatikani. Mwende alilia, nami nikaogopa.

Nikaiweka kwa laptop. Kwa wasiojua: upepo hukaa chini, kwa bezi, kwenye sauti nzito. Nyenje wako juu, kwa treble, kwenye sauti nyembamba. Maneno ya mtu mengi yako katikati. Nikakata kila kitu chini ya 200 Hz na kila kitu juu ya 3,000. Susu akatokea, neno kwa neno. Nilijipongeza, sitawadanganya.

Mwende akasikiliza hadi mwisho, akairudisha mwanzo.

"Kwani kuna neno limepotea?" nikamuuliza.

"Hakuna. Lakini hii ni kama susu ameandikwa kazi ya kupokea simu benki. Mbuzi zimeenda wapi?"

Kengele za mbuzi zilikuwa huko juu pamoja na nyenje, nikazifagia zote. Basi nikafungua upande wa juu polepole. Nyenje wakarudi kidogo, kengele nazo zikarudi. Upepo nikauacha nje. Mwende akasikiliza tena, akalia tena, ila sasa alikuwa anacheka.

Kanisani, watu wa Kyuso walicheka kengele zilipoanza, kisha wakatulia susu alipowabariki maharusi. Nilifurahi sana, wakuu.

Jioni susu akapanda kilima tena, akapiga simu, Mwende akaweka loudspeaker.

"Mlinisikia?"

"Tulikusikia, susu. Hata mbuzi tulizisikia."

"Nisamehe, mwanangu. Nilizifukuza na mawe, zikakataa kutoka."

Siku hizi kabla sijakata chochote, namuuliza mwenye rekodi anataka kubaki na nini. Mafundi wenzangu, ninyi hukata wapi? Na wale wengine, ni kelele gani ya nyumbani hamtaki mtu aiguse?