Sauti ya Tobia kwenye Manila

Serikali iliporuhusu biashara huria, kila mwenye kibanda Lushoto alitaka kibao, na Secilia ndiye aliyeviandika. Bucha aliipa herufi nene, saluni herufi za kujikunjakunja. Mkono wake haukujua woga. Ila Jumamosi ile, ndani ya banda la video la mzee Kassimu, uliujua.

Mbele yake aliketi mdogo wake, Tobia. Homa ya uti wa mgongo ilimwachia uhai, ikamnyang'anya masikio. Siku moja gulioni alipayuka bila kujua, watu wakamcheka. Binadamu tuna midomo! Tangu hapo hakusema tena, akawa anashinda shambani Magamba peke yake. Secilia aliona anampoteza ndugu yake akiwa hai.

Ndipo akabuni kadi. Mzee Kassimu, aliyejifunza Kihindi katika duka la Mhindi kule Tanga, aliwatafsiria wateja sinema za Kihindi kwa kupaza sauti, nayo ingemfaa nini Tobia? Secilia alimwomba amtafsirie mkanda mapema, akaandika maneno kwenye kadi za karatasi ngumu ya manila: ya kunong'ona membamba, ya ugomvi manene ya kujaza kadi.

Mkanda ukaanza. Akainua kadi kando ya televisheni, akizimulika kwa tochi.

"Dada, unatuziba!" mtu akafoka.

Secilia akajibana ukutani. Tobia akatazama kadi, akatazama mlango. Mungu wangu, asiinuke! Kwenye sinema mama alipotelewa na mtoto, akawa anamwita huku akienda mbali, sauti ikififia. Secilia akainua jina la mtoto, kubwa, kisha dogo, kisha dogo zaidi. Tobia akaegemea mbele. Hakuondoka.

Watu walipotoka, Tobia akamfuata dada yake, akaonyesha kadi. "Dada, kati ya hizi, sauti yangu ni ipi?"

Alipiga kelele mpaka waliokuwa mlangoni wakageuka. Moyo ukampasuka Secilia. Amdanganye? Uongo ungemfurahisha leo, ukamwaibisha kesho. Akaandika "Dada" kubwa, ikajaza kadi yote.

Tobia akaisoma. Akajaribu tena, na Secilia akaandika ndogo kidogo. Akarudia, akarudia, mpaka neno likawa la kadiri. Secilia akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka.

Kando ya televisheni mzee Kassimu alikuwa akirudisha mkanda nyuma.

"Shikamoo, mzee," Tobia akasema.

"Marahaba," akajibu mzee, bila hata kuinua kichwa, kama anavyomjibu yeyote.