Shule ya Esinati na Sahani za Watu

Esinati Njolomole alichaguliwa kuwa mwalimu wa watoto wadogo akiwa chooni. Mkutano kwa Chifu Nkhwidzi ulikuwa umepamba moto, maharagwe ya jana yakamkoroga tumbo, akatoka kidogo tu. Aliporudi huku akikaza kitenge, watu wote wakampigia makofi. Akauliza ameshinda nini. Wakamwambia atakaa na watoto wa miaka mitatu hadi mitano, awafundishe nyimbo, rangi na kunawa mikono, wasije wakaingia darasa la kwanza wakilia kama mbuzi wa mnadani. Malipo hakuna, ni kujitolea, tena kwa msimu mmoja tu, mpaka serikali ilete mwalimu wa mshahara.

Msimu huo mmoja sasa una miaka kumi na tisa. Watoto wa kwanza wameota ndevu na wanamletea watoto wao.

Shule yenyewe ni kibanda cha nyasi. Watoto arobaini na saba, vikombe kumi na kimoja. Uji wanakunywa kwa zamu, na zamu ni ndefu hata wa mwisho akishika kikombe, wa kwanza ameshasikia njaa upya. Unga ni wa kuchanga, kila mama sahani moja kwa wiki. Ikifika Januari, maghala matupu, unga hakuna, na bila uji watoto hawaji. Hapo Esinati hupita nyumba kwa nyumba kuangalia mtoto gani bado ana nguvu ya kumkimbilia.

Na huku akilea wa wenzake, shamba lake likafanywa makao na magugu. Yalirefuka hata mbuzi wa jirani akapotelea humo, akaja kutoka baadaye na wajukuu.

Kiangazi hiki dada yake Maligelita, aliyefiwa na mume kule Tsangano kwenye baridi na viazi, alimletea ujumbe: njoo tulime, nusu ya shamba ni yako, lakini uje kabla ya mvua ya kwanza, maana nikibaki peke yangu itabidi nimpe mtu mwingine. Esinati alilitamani shamba lile kama mjamzito anavyotamani udongo. Lakini angetokaje? Aliwakusanya akina mama, akawauliza nani atashika watoto. Kila mmoja akaanza kukagua vidole vyake vya miguu kana kwamba ameviazima. Kisha wakamsifu. Una moyo, mama, wakasema, moyo kama wako sisi hatukupewa. Akarudi nyumbani amefungwa kwa sifa, kamba isiyo na fundo la kufungulia.

Ukabaki mlango mmoja tu, halmashauri. Kwa miaka mitatu Esinati alikuwa akitembea mpaka bomani kuwaambia makarani jambo lilelile. Walimu wa wakubwa mnawalipa, akasema, lakini mtoto anaamka akili akiwa mdogo, hangoji mpaka mpate nafasi. Mnaezeka bati nyumba ambayo msingi wake mmemwachia bibi mmoja na sufuria. Makarani wakacheka, wakampa kiti, wakampa chai, bajeti hawakumpa. Mwaka huu, labda kwa kuchoka kumwona, halmashauri ikatangaza kwamba shule mbili za watoto wadogo zitaingizwa kwenye fedha za serikali, kwa mwalimu wa mshahara, unga na jengo. Kamati ingepita Jumatano kuona nani ana shida zaidi.

Esinati akamwomba chifu jambo moja, kila kitu kiachwe kama kilivyo. Chifu akaitikia kwa kichwa. Lakini kuitikia kwa kichwa ndiyo kazi yake ya kila siku.

Jumatano alfajiri alikuta kibanda kimetandikwa mikeka mipya. Viti vimepangwa. Watoto wamevalishwa nguo za Krismasi, wamepakwa mafuta mpaka nzi wanateleza. Mke wa chifu, Feresita, alikuwa anapanga sahani za maua.

"Mama Feresita, hizi zimetoka wapi?"

"Za harusi, kwetu. Usizishike hivyo, zitavunjika."

"Hawa watu wanakuja kuona shida yetu."

"Wanakuja wageni," Feresita akasema bila kuinua kichwa. "Wewe mgeni unamwonyesha mtoto anagombea kikombe? Akirudi bomani aseme mume wangu ni chifu wa nani, wa inzi?"

Esinati akabeba mikeka miwili kuirudisha. Wanawake wanne wakamzuia kwa upole, kama anavyozuiwa mfiwa. Na lililomuuma zaidi ni hili: gari liliposikika mlimani, mikono yake mwenyewe ilikwenda ikachukua ufagio. Alishtuka amekwisha fagia uwanja wote.

Wageni wakala ugali wa nsima na kuku watatu. Mkuu wa kamati, Bwana Chikafa, alipomaliza paja la pili akamgeukia akamuuliza wamepungukiwa nini. Chifu akakohoa. Kikohozi hicho kila mtu alikielewa. Kutaja njaa mgeni akiwa bado na mchuzi vidoleni ni kumvua nguo aliyemkaribisha.

Esinati akasimama hivyohivyo.

"Bwana, sahani hizo si zetu. Kaeni mpaka jioni mwone kila kitu kikirudi kwao. Mimi nimechoka. Nataka mwalimu wa kulipwa hapa, hata asiwe mimi. Hasa asiwe mimi."

Bwana Chikafa akacheka mpaka akapangusa macho kwa kitambaa.

"Mnaona unyenyekevu huo? Miaka kumi na tisa bila senti, na bado anajishusha."

Esinati akafungua mdomo kurudia, lakini Feresita alikuwa amekwisha anzisha wimbo wa kuwaaga wageni. Vigelegele vikafunika kila neno.

Barua ilikuja pamoja na mawingu. Karani wa chifu akaisoma uwanjani. Fedha zilikwenda vijiji viwili ambako kamati ilikuta watoto wamekaa kwenye matope. Kijiji cha Nkhwidzi kilipongezwa kwa kujitegemea. Tena, Mama Njolomole alichaguliwa kuzunguka vijiji vinane kuwafundisha walezi wenzake moyo wa kujitolea, akapewa na baiskeli. Chifu alikuwa amekwisha jibu kwa niaba yake kwamba amekubali kwa furaha.

Alhamisi mvua ya kwanza ikanyesha. Mwezi uliofuata Maligelita akatuma neno kwamba hana kinyongo, ila shamba amempa shemeji yake na viazi vimeshaota.

Kijiji cha kwanza kati ya vile vinane alikwenda akisukuma baiskeli, kwa kuwa kupanda hajui. Walezi kumi na wanane walikuwa wamekaa wakimsubiri, na afisa wa halmashauri pembeni. Akaongea kuhusu moyo mpaka afisa akaridhika, akapanda kichuguu kutafuta mtandao wa simu. Hapo Esinati akainama, akashusha sauti.

"Wakija kuwakagua, msifagie. Msiazime hata kijiko. Mtoto wa kulia na alie."

Mama mmoja mwenye kichanga mgongoni akauliza, "Na chifu wetu, mama? Aibu yake tutaiweka wapi?"

Esinati akatupia jicho kichuguu.

"Semeni ni mimi. Semeni yule kichaa wa kwa Nkhwidzi ndiye aliyewakataza."

Afisa akarudi, akauliza kama wameelewa habari za kujitolea. Wakasema wameelewa sana.

Kesho yake saa moja Esinati alikuwa kibandani kwake, anakoka moto. Watoto walikuwa wamefika kabla yake, arobaini na tisa. Wawili walitoka kijiji cha jirani. Mama zao walisikia kwamba kwa Nkhwidzi kuna shule inayojitosheleza.