Mstari wa Chaki wa Injinia

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Injinia kilikuwa chaki. Alikuwa na kipande cheupe kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo wanaume wengine huweka kalamu, na mfuko wenyewe ulikuwa umepauka kwa vumbi lake. Nilikuwa ndiyo kwanza nahamia chumba cha nyuma, ndoo bado mkononi, nikamwona akipanda ngazi fupi iliyoegemezwa kwenye tangi la maji la uani. Alichovya kijiti kirefu, akakitoa, akakitazama kama daktari anavyotazama kipimajoto, kisha akachora mstari mdogo ubavuni mwa tangi na kuandika saa pembeni yake.

"Anatupimia maji," aliniambia jirani wa chumba cha mbele, fundi wa magari ambaye nyumba nzima humwita Gia. "Ukioga mara mbili, dada, Injinia anajua."

Haikuwa hivyo. Nilipozoeana na mkewe, ambaye ni muuguzi, aliniambia kwamba ule ni mkono uliozoea kazi. Kwa miaka kumi na tisa mumewe alikuwa injinia wa kuchimba visima vya mafuta. Kwenye mtambo wa kuchimba kuna matangi ya tope linaloteremshwa kisimani na kurudi juu, na mtu wa zamu lazima ajue kimo chake saa zote. Tope likipungua, kuna mahali linavuja huko chini. Likiongezeka bila mtu kuliongeza, gesi imeanza kulisukuma, na dakika chache zinazofuata ndizo zinazoamua kama watu watalala salama. Sasa alikuwa amekaa nyumbani miezi kumi na sita bila kuitwa kazini. Tangi la uani ndilo pekee lililobaki la kupima.

Mtaani, ukisema mtu ni injinia wa mafuta, watu huanza kumkadiria kwa macho. Ndugu walikuja na barua za harusi na za matanga, na kila mmoja alipoambiwa kwamba hali si nzuri alitabasamu kama mtu anayejua siri. Hawakujua kwamba Injinia hakuwa na mshahara. Alikuwa na kiwango cha siku.

Alipoanza kazi aliajiriwa na kampuni yenye visima vyake. Mshahara ulikuwa wa wastani, lakini ulikuja kila mwezi, pamoja na matibabu na likizo. Kisha bei ya mafuta ikapanda duniani, na mawakala wanaotafutia mitambo watu wakaanza kumpigia simu. Walimwahidi malipo ya kila siku atakayokanyaga mtambo: siku ishirini na nane kazini, ishirini na nane nyumbani, na za nyumbani hazilipwi. Siku moja yake ikawa sawa na mwezi na nusu wa mkewe wodini. Aliacha ajira. Walinunua kiwanja, wakaezeka upya nyumba ya wazazi, wakaanza kujenga ya kwao. Bei iliposhuka, mkataba wake ulikatwa kwa ujumbe wa mstari mmoja. Nyumba ile iliishia kwenye linta, nondo zimesimama juu zinashika kutu, na wao wakahamia vyumba viwili vya kupanga kwenye ua wetu.

"Mshahara wangu mdogo," mkewe hupenda kusema, "ila unajua njia ya nyumbani."

Asubuhi moja Gia aliingia uani akiwa na uso wa sikukuu. "Petroli imeshuka tena," alitangaza. "Mtaa mzima unacheka isipokuwa mtu mmoja. Injinia, wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeomba petroli ipande."

"Siombi," alijibu Injinia kutoka juu ya ngazi. "Ninasubiri tu."

"Basi subiri polepole. Mimi nina teksi tatu za kutengeneza."

Wote wawili walicheka, lakini Injinia aliacha kucheka mapema zaidi.

Wiki ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mwisho ya cheti chake. Hakuna anayeruhusiwa kusimamia uchimbaji bila cheti cha kudhibiti kisima, na cheti hicho huishi miaka miwili tu. Chake kilikuwa kinaisha Ijumaa. Akipata mkataba kabla ya siku hiyo, kampuni itamlipia kozi mpya. Asipopata, atalazimika kujilipia mwenyewe nauli, chuo na mtihani katika nchi nyingine, na fedha hizo hazikuwepo. Na mtu asiye na cheti, jina lake hufutwa kwenye orodha za mawakala. Kwa umri wake wa miaka hamsini na mmoja, akishafutwa hakuna atakayejisumbua kumwandika upya. Basi kila alipoamka alijikaza kisabuni, akapiga buti zake za kazi dawa ya viatu na kuziweka mlangoni, vidole vikitazama nje.

Jumanne simu iliita. Injinia huweka simu juu ya kifuniko cha tangi, kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika, na huifungulia spika, kwa sababu majenereta ya mitamboni yalimharibia sikio la kulia. Hivyo habari zake husikika na ua mzima, na hakuna wa kulaumiwa.

"Injinia, bado uko hai?" Alikuwa yule dada wa ofisi ya wakala.

"Nipo, dada. Nipo kabisa."

"Kuna mtambo unaoelea, bahari ya kina kirefu. Kiwango chako kilekile cha zamani, na nusu yake juu kwa sababu ya bahari. Nitumie cheti sasa hivi."

Alikituma papo hapo. Mkewe, aliyekuwa ametoka zamu na alipaswa kulala, alitoa ovaroli kwenye sanduku akaanza kuipiga pasi. Gia aliacha teksi zake akaja kumshika mkono. "Ukipanda helikopta, kaka, utupungie."

Baada ya saa mbili simu iliita tena, na sauti ya dada ilikuwa imebadilika.

"Injinia, cheti chako ni cha vali za kuzibia kisima zilizo juu tu. Mtambo huu vali zake zimekaa chini kabisa, kwenye sakafu ya bahari. Sehemu hiyo hukuifanya?"

"Sikuifanya."

"Lakini umefanya kazi baharini miaka sita."

"Cheti cha wakati huo kilikuwa na sehemu zote mbili. Hiki hakina."

"Pole, kaka yangu. Kompyuta yao haisomi miaka. Inasoma kisanduku."

Mkewe alichomoa pasi ukutani. Hakuikunja ovaroli, aliiacha juu ya meza, mguu mmoja umenyooka, mwingine bado una mikunjo.

Mkewe alinisimulia habari ya kisanduku hicho jioni ile, tukichambua mchele kwenye baraza. Miaka miwili iliyopita Injinia alikwenda kuhuisha cheti. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku kidogo: ukikitia alama, unabaki siku moja zaidi na kusoma habari za vali za chini ya bahari. Wachimbaji wote hukitia alama bila kufikiri. Yeye alikiacha wazi. Kesho yake ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwa binti yao, naye alikuwa amezikosa siku za wazazi nne mfululizo akiwa mitamboni. Wakati ule alikuwa na kazi ya nchi kavu, mkataba ulionekana mrefu, akaona kisanduku hicho kinaweza kungoja. Alipanda ndege, akafika shuleni akiwa na begi mgongoni, akakaa mstari wa mbele.

"Binti anajua?" nilimuuliza.

"Akijua atafanya nini nalo, mdogo wangu? Alifurahi siku ile. Mwache nayo."

Jumatano Injinia hakupima tangi. Aliketi kwenye ngazi, simu mapajani. Ilibaki kazi moja tu, kisima cha nchi kavu, ambayo alikwisha kuikataa mara tatu kwa sababu ya malipo. Katika kazi yao mtu akikubali kushusha kiwango, kiwango kipya huandikwa kwenye faili lake, mawakala huambiana, na tangu hapo ndiyo bei yake. Ndiyo maana wachimbaji wakongwe hukaa nyumbani njaa ikiwauma kuliko kutaja tarakimu ndogo. Aliniambia hata uzoefu una mwisho wake: miaka kumi ya kwanza kila mwaka unakupandisha thamani, halafu siku moja unagundua kuwa wewe ndiye mtu ghali kwenye orodha.

Mkewe alitoka na sare yake ya kazi, akasimama mbele yake.

"Baba, piga."

"Wakishaandika, wameandika."

"Sasa hivi wameandika nini? Piga."

Alipiga. "Dada, ile ya nchi kavu. Bado ipo?"

"Ipo, lakini ulisema huitaki."

"Naitaka."

"Wanalipa chini ya nusu ya kiwango chako, Injinia. Nikiliweka hilo kwenye faili, silitoi."

Injinia alizitazama buti zake mlangoni. "Weka," alisema.

"Haya. Mko watatu. Wawili ni vijana, na wanataka hata chini ya hapo. Mteja anafunga orodha Ijumaa saa sita mchana. Ukichaguliwa unasaini siku hiyohiyo, cheti kikiwa bado hai. Nitakupigia kabla ya saa sita. Usipotoa jibu papo hapo, anachukuliwa anayefuata."

"Nitakuwa hapa."

"Najua utakuwa hapo," alisema dada, bila ubaya, na akakata.

Alhamisi jioni binti alirudi na kazi ya shule. Kila mwanafunzi alitakiwa kumhoji mzazi kuhusu kazi yake: malipo yake, na mambo matano yanayoathiri malipo hayo. Alikaa na baba yake chini ya taa ya baraza, daftari limefunguliwa, jedwali limepigwa mistari kwa rula.

"Baba, injinia wa mafuta anapata kiasi gani kwa mwezi?"

"Andika: inategemea."

"Mwalimu hataki inategemea. Anataka tarakimu."

"Basi tuanze na yale matano."

Alimtajia taratibu, kama anayemsomea imla. Elimu na vyeti. Miaka ya uzoefu. Mahali, kwa sababu bahari hulipa kuliko nchi kavu, na penye hatari kuliko penye usalama. Mwajiri, kwa sababu mwenye kisima hulipa tofauti na aliyekodiwa kukichimba. Bei ya mafuta duniani, ambayo hakuna injinia hata mmoja anayeulizwa.

"Hayo matano," alisema binti.

"Kuna la sita. Unakotoka." Alisimulia juu ya mtu waliyelala naye chumba kimoja kwenye mtambo, mwenzake kitanda cha chini, yeye cha juu. Kazi moja, kengele moja, chakula kimoja. "Alilipwa mara tatu yangu. Na presha ya kisima ikipanda alikuwa ananiamsha mimi."

"Kwa nini sasa?"

"Mkataba wake uliandikwa kwao. Wangu uliandikwa hapa."

Gia, aliyekuwa anasafisha spana mlangoni kwake, alidakia. "Na wewe ukawa unaamka?"

"Kisima hakiulizi nani analipwa nini."

Binti alicheka, akaandika, kisha akainua uso. "La saba je? Lipo?"

Injinia alitazama kule lilipo tangi. Mkewe, dirishani, aliacha kusuka nywele zake. "Halipo," alisema Injinia. "Hayo yanatosha."

"Tarakimu je, baba? Nakusanya Jumatatu."

"Acha wazi. Kesho mchana nitakupa."

Aliacha nafasi, akaizungushia penseli hafifu asije akaisahau. Aliposimama kwenda kulala alisema anafikiri naye angependa kusomea uinjinia wa mafuta. Baba yake alimwambia ni kazi nzuri. Alilisema hilo bila kumwangalia.

Leo ni Ijumaa. Usiku maji yalikatika mtaani, na tangi limeshuka chini ya mstari wa chini kuliko yote aliyowahi kuchora, lakini alipanda akalipima hivyohivyo, saa tatu, saa nne, saa tano. Amevaa ovaroli. Nimeona kwamba mguu mmoja bado una mikunjo. Hakuna aliyekumbuka kuumalizia. Buti hazipo mlangoni, zipo miguuni. Cheti kipo kwenye mfuko wa plastiki chini ya kwapa, kimebakiwa na siku hii tu.

Saa tano na nusu simu iliita, na sote tulisimama. Ilikuwa kampuni ya simu ikimtangazia muda wa maongezi kwa bei nafuu. Alisikiliza tangazo lote hadi mwisho, kwa adabu, ndipo akakata.

Mkewe amekaa kwenye ukingo wa baraza na sare yake, zamu yake ilianza saa tano. Aliwapigia wodini akasema ana mgonjwa nyumbani. Gia amezima injini ya teksi aliyokuwa akiijaribu, na mwenye teksi alipolalamika alimwambia asubiri. Bomba la uani linatoa hewa tu, linakohoa mara mojamoja.

"Saa ngapi?" anauliza Injinia, ingawa saa imo mkononi mwake.

"Saa sita kasoro dakika kumi na mbili," anajibu mkewe.

Anatoa chaki mfukoni, anapanda vipandio viwili, na kusimama hapo, sikio lake zima likielekea kwenye simu iliyo juu ya kifuniko, kioo chake bado cheusi.