Foleni ya Ng'ambo ya Barabara

Mtaani walimwita Sikio, na jina hilo alilipata kihalali. Mafundi wengine wakifungua boneti huanza kuvutavuta nyaya. Yeye alifungua boneti, akainama, akafumba macho, akasikiliza. Injini ikishamweleza shida yake, ndipo alipoomba spana. Wateja walipenda kumwona akifanya hivyo, naye, tuseme ukweli, alipenda kuonwa.

Siku hizi wa kumwona walikuwa wa kuokoteza. Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango wake, palikuwa na gereji yenye sakafu iliyopakwa rangi, mtungi wa maji baridi, na viti vya wateja. Mwenyewe aliitwa Kompyuta, kwa sababu kila gari lililoingia alilichomeka waya wa kibao chake cha kioo kabla hata ya kumsalimia mwenye gari. Ndivyo alivyosema Sikio. Kusema kweli Kompyuta alisalimia vizuri sana. Alikuwa na adabu zake, na adabu za kazi alizipata kwa Sikio huyuhuyu, ambako alianzia akiwa hajui kufungua hata nati ya gurudumu, akaondoka akiwa fundi kamili. Aliondoka kwa amani, akaaga, akashukuru. Angeondoka kwa ugomvi ingekuwa afadhali, maana mtu unapata la kusema.

Kwa kuwa hakuwa na la kusema juu ya mtu, Sikio alisema juu ya viti. "Gari linatengenezwa kwa kukaa?" aliwauliza wapita njia. Tangu kilipoanza kipimo cha moshi cha lazima, magari yakawa yanafeli, ndiyo kabisa, foleni ya ng'ambo ilikuwa ikitoka nje ya geti. Na uchungu wenyewe ni kwamba magari yale aliyajua. Lile jeupe alilishusha injini yeye. Lile la mwalimu mkuu alilihudumia miaka na miaka. Wenyewe walipita mbele ya mlango wake wakiangalia upande wa pili, kama watu waliokumbuka jambo ghafla, wakakata kona kuingia kule. Sikio alimwonea Kompyuta gere hadi akawa anayahesabu.

Basi ikaja zamu ya gari la mkewe.

Mkewe alikuwa akipeleka na kurudisha watoto wa chekechea, kazi aliyoianza kabla hawajaoana na kwa gari hilohilo. Shule ilikuwa imeshatoa neno: siku ya kufungua, gari lisilo na stika ya ukaguzi halivuki geti, na watoto watapewa dereva mwingine. Akalipeleka kupimwa. Mkaguzi akaingiza mrija kwenye bomba la moshi, akatazama skrini, akatikisa kichwa.

"Limefeli vipi?" Sikio aliuliza.

"Limefeli tu, baba. Anasema petroli inaingia nyingi, haiungui yote. Na mimi nilikuambia zamani kwamba linakunywa."

"Nikakuambia mguu wako mzito."

"Haya. Basi mguu wangu ndio uliofeli."

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Sikio akaona kwamba hapa pana mtihani wa watu wawili. Gari likipita, limepita kwa mkono wake. Likishindikana, mkewe, mke wa fundi, ataonekana kwenye vile viti.

Akalifanyia kazi kama mgonjwa wake wa mwisho. Alitoa plagi akazikuta nyeusi tititi, akaweka mpya. Alibadilisha kichujio cha hewa. Alisafisha nozeli za petroli, akabadilisha ile sensa ya kwenye bomba la moshi, akakagua mipira yote kama kuna inayovuta hewa. Kisha akawasha, akainama, akafumba macho. Injini iliimba. Haikukohoa, haikugonga, haikutetemeka. Alimwita hadi kinyozi wa jirani aje asikilize, na kinyozi, ambaye hajui plagi wala platini, akakubali kwamba gari linaimba.

Likarudi kupimwa, likafeli tena.

"Mashine zao mbovu," Sikio alisema.

"Inawezekana," mkewe alisema, kwa ile sauti ya upole ambayo waume wote huiogopa. "Lakini si ukamwombe kijana wako hapo alichomeke tu? Dakika mbili."

"Nikamwombe nani?"

"Basi. Nimenyamaza."

Na kweli alinyamaza, jambo lililopaswa kumtia Sikio wasiwasi. Kesho yake mchana alikuwa amelala chini ya gari la mtu, akageuza shingo kutafuta spana, macho yakavuka barabara yenyewe. Gari la mkewe lilikuwa ndani ya geti lile. Na mkewe alikuwa kwenye kiti. Ameegemea, bilauri ya maji mkononi, na Kompyuta amesimama mbele yake, kashika funguo za gari, anazitazama na kucheka. Mkewe naye akacheka. Sikio alikuwa hajamwona akicheka hivyo tangu shule zifungwe.

Wivu ulimpanda kutoka tumboni hadi kwenye masikio. Hakujua hata anaona wivu wa nini hasa, wa gari au wa kicheko. Alijua kitu kimoja tu: kijana yule angekuwa anamtania mkewe kwa jambo lolote chini ya jua, yeye angevumilia, lakini si kwa gari lililomshinda yeye. Alitambaa akatoka uvunguni, akafunga gereji na jua bado kali, akaenda nyumbani kumsubiri.

"Ulifuata nini kule?" alimwuliza kabla hajavua viatu.

"Nilifuata stika, mume wangu. Mimi sina ugomvi na mtu."

"Amelichomeka?"

"Hata hakulichomeka. Alizishika funguo, akacheka, akanirudishia. Akasema hili siwezi kuligusa, ni la fundi mwenyewe. Akasema nikuulize kama gari linapata joto."

"Joto? Anajua anachosema huyo? Gari nililoshika mimi haliwezi kuchemka. Tangu nikuoe, mshale wa joto umewahi hata kunyanyuka?"

"Haujawahi," mkewe alisema. "Mshale unalala chini siku nzima."

Akaweka funguo mezani, akaingia jikoni. Sikio alibaki anazitazama zile funguo. Kishika funguo chake kilikuwa kidude cha shaba, cha duara, chenye springi katikati, kimesuguliwa na mikono hadi kikang'aa.

Kidude kile yeye ndiye aliyempa mkewe. Siku waliyojuana, gari hilo lilikuwa limechemka kando ya barabara, mvuke unapanda, na huyu mwanamke amesimama anakaribia kulia. Sikio akafungua bomba la maji ya injini, akatoa thamostati, ndicho kidude hikihiki, akafunga tena bila kuweka kitu. "Hiki wamewawekea watu wa nchi za baridi," alimwambia kwa maringo. "Huku kwetu hakina kazi. Hutachemka tena." Ndivyo alivyofundishwa na fundi wake, na ndivyo alivyofundisha. Kesho yake alikisafisha, akakitia pete ya kushikia funguo, akampelekea. Wakaishia kuoana. Na aliyekuwa amemshikia spana siku ile kando ya barabara ni Kompyuta.

Sikio alichukua funguo, akaingia jikoni, akainjika sufuria ya maji.

"Unapika?" mkewe aliuliza.

"Napima."

Akakichomoa kidude kwenye pete, akakitumbukiza. Maji yakachemka, yakaruka, yakamwagikia jiko. Thamostati nzima hufunguka yenyewe maji yakipata moto, ikayaruhusu kuzunguka. Injini ikiwa bado baridi, huyazuia ili ipate joto upesi. Hii haikufunguka ng'o. Kumbe siku ile ilikuwa imekufa, na dawa ilikuwa kuweka mpya. Yeye aliacha tundu tupu. Miaka yote hiyo injini ilikuwa inashinda vuguvugu, gari linadhani ndiyo kwanza kumekucha, linajiongezea petroli na kuongeza. Sikio lake lisingesikia kitu, kwa sababu injini baridi iliyolishwa vizuri huimba tu.

"Mguu wako si mzito," alisema, akiwa amempa mgongo.

Mkewe alizima jiko. "Hilo nalijua," alijibu. "Ila kidude kirudishe kwenye funguo zangu. Hicho ni changu."

Asubuhi alinunua thamostati mpya duka la spea, akaifunga, akawasha, akakaa ndani ya gari akiutazama mshale. Ulipanda taratibu, ukafika katikati, ukatulia. Ilibidi ajizuie asiizime injini, kwa maana maisha yake yote mshale ukipanda mkono ulikimbilia funguo. Kituo cha ukaguzi kiliweka mrija, kikatazama skrini, kikatoa stika. Mkewe aliibandika mwenyewe kwenye kioo, akaipigapiga kwa kiganja, akaondoka akipiga honi.

Sikio alipaswa kufurahi, na kwa muda wa kuvuka geti la gereji yake alifurahi. Kisha akaitazama foleni ya ng'ambo.

Lile jeupe: alilitoa thamostati siku aliyoshusha injini. La mwalimu mkuu: alilitoa, mwalimu akamshukuru. La muuza vioo, alilitoa. Karibu na mlango wake palikuwa na kopo la rangi lililojaa vidude vya shaba, ambavyo alizoea kuwaonyesha wateja kama ushahidi wa magari aliyoyaponya. Foleni ile iliyomnyima usingizi, kumbe ameipanga mwenyewe, gari moja baada ya jingine.

Alivuka barabara. Kompyuta alimwona, akafuta mikono haraka, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wenye magari haya umewaambia nani aliyatoa thamostati?"

Kompyuta alitazama foleni, akatazama sakafu yake ya rangi. "Nawaambia thamostati imekufa, naweka mpya. Basi. Na mengine, fundi, nilitoa mimi, nikiwa kwako."

Kijana angemtangaza mtaa mzima, Sikio angekuwa na haki ya kumchukia. Sasa hata hiyo alikuwa amenyang'anywa.

"Kuna kazi nyingi leo," Kompyuta alisema. "Ukipenda tusaidiane. Lakini kaa kwanza, fundi, nikuletee maji."

Alivuta kiti. Sikio alisimama kidogo, akijua kinyozi anatazama kutoka ng'ambo, kisha akakaa. Kilikuwa kiti kizuri, laini, kinachopokea mgongo vilevile anavyotaka mtu aliyelala chini ya magari maisha yake yote, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine.