Chokaa ya Mchicha

Mchicha uliokula jana uliota wapi? Juzi sokoni Kamunyonge, dada mmoja mjamzito alimbana mama muuza mchicha, maana bustani ya mama huyo iko Guta, jirani na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

"Usiogope, mwanangu. Bwana shamba alitupa chokaa na samadi tuchanganye kwenye udongo, sumu ya madini isipande kwenye majani."

"Ukachanganya?"

"Samadi niliweka."

"Na chokaa?"

Mama akaanza kupanga upya mafungu ambayo tayari yalikuwa yamepangika. Utaalamu tunaupenda sana, ila uonekane na wageni, na hakuna mgeni anayekagua tuta. Dada akarudisha fungu lake mezani, akasubiri, mkono tumboni.

"Wakwe walikuwa wanakuja," mama akasema taratibu. "Nilipakaga nyumba."