Matanga ya Msanii kutoka Riga

Papa anagonga shaba. Analaza bamba juu ya kipande cha tairi, analigonga kwa nyundo ndogo upande wa nyuma, na upande wa mbele zinaota sura za watu. Kazi hiyo alijifunza Lubumbashi, akaja nayo Brussels, na hapa Saint-Josse anaifanyia chini ya nyumba, kwenye chumba cha kuwekea baiskeli.

Shida ni kwamba watu wanataka saa. Kila harusi, kila ubatizo, wanataka ramani ya Kongo ya shaba yenye saa ya ukutani katikati, mishale inazungukia Kasai. Papa alikuwa anawatengenezea huku amenuna. Kazi zake mwenyewe, zile nyuso ndefu zisizo na macho, zilikaa nyuma ya kochi letu zikitazama ukuta. Nilimwambia zinaonekana kama watoto walioadhibiwa. Hakucheka. Tangu atoke kwao hakuwahi kupata hata chumba kimoja cha kuzionyesha.

Kisha mwaka juzi, nikiwa na miaka kumi na minne na mdomo mkubwa kuliko umri, akapata nafasi kwenye mpango wa kubadilishana wasanii. Mji mmoja unatoa msanii, mji mwingine unatoa msanii, kila mmoja anamkaribisha mwenzake. Papa alipangiwa mwanamke kutoka Riga. Angekuja yeye kwanza, akae kwetu, aonyeshe kazi yake mtaani kwetu. Akirudi akasema amekaribishwa vizuri, Papa angekwenda Riga apewe chumba kizima, chenye taa, cha zile nyuso zake. Akisema hapana, basi. Tungerudi kwenye saa.

Mratibu wa mpango alituita kwenye mkahawa pale Flagey kutueleza masharti. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya fremu nyekundu, anaongea kama anasoma maandishi ya dawa.

“Sharti kubwa ni moja,” alisema. “Mwenyeji analinda hali ya kazi. Kama kazi inataka kimya, mnalinda kimya.”

Papa akaitikia kwa kichwa mpaka nikaiogopea shingo yake.

Msanii mwenyewe alipofika, alikuwa mrefu, mpole, nguo zote nyeusi, hata soksi. Alilala chumbani kwangu, nami nikalala kwenye kochi pamoja na zile nyuso. Kazi yake nilielezwa mezani. Atakaa chini, sakafuni, katika chumba kitupu chenye dirisha la barabarani, kutoka asubuhi mpaka jioni. Hasemi. Hali. Watu wanapita, wanamtazama au hawamtazami. Ameshaifanya kwenye miji kadhaa ya Ulaya.

“Halafu?” nikauliza.

“Halafu jioni inaingia,” akasema.

Nikamtazama Mama. Mama ni wa Kigoma, ana Kiswahili cha vitabuni na jicho moja la kunyamazisha watu. Akanipa lile jicho. Nikarudi kwenye sahani yangu.

Mtaani kwetu kulikuwa na duka la kupigia simu lililofungwa. Papa akapata ufunguo. Ijumaa jioni alitoa kila kitu nje yeye mwenyewe: viti, meza, benchi, hata zulia, akavipanga kwenye njia ya waenda kwa miguu kabla ya kuvipeleka kwetu. Uso wake ulikuwa mzito kwa wasiwasi. Kisha akabandika karatasi mlangoni kwa Kifaransa na Kiholanzi: tafadhali, kimya.

Sasa, wewe unayesoma hii umeshaona kinachokuja. Sisi wote nyumbani, watu wenye akili zetu, hatukuona.

Maana jirani wa duka hilo ni saluni, na mwenye saluni ni maman mmoja wa Likasi ambaye hapitwi na jambo. Ijumaa alimwona Papa anatoa viti nje, uso umekunjamana. Jumamosi asubuhi akaona mwanamke kwenye chumba kisicho na hata kigoda, nguo nyeusi, sakafuni, hasemi na mtu. Kwetu, viti vikitoka nje na mtu akikaa chini, hakuna haja ya kuuliza. Unakwenda kukaa naye.

Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi. Papa alikuwa amekwenda Flagey kumchukua mratibu na wageni wake, waje waone kazi alasiri. Nilisimama mlangoni nimevaa koti la Papa ili nionekane mtu mzima. Maman wa saluni akaja, roleri bado ziko kichwani mwake mwenyewe.

“Weye mutoto, ni nani alikufa?”

“Hakuna, maman. Ni kazi ya sanaa.”

“Nakuuliza vizuri, unanijibu upuuzi?”

“Kweli! Amekaa tu. Ndiyo kazi yake. Amekuja na ndege kutoka Riga kukaa.”

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyechanganywa na uchungu. “Bon. Bazungu mutu akikufa banafichaka lufu, tunajua. Banalia beko pekee, mlango umefungwa. Lakini hapa haiko kwabo.” Akavua viatu, akaingia, akakaa chini kando ya msanii. Hakusema neno. Hapo ndipo nilipoishiwa: sharti lilikuwa kimya, na maman alikuwa kimya kabisa.

Kitu pekee, aliingia huku simu yake bado inatuma ujumbe.

Wakaja. Kwanza mamans wa mtaani, khanga kiunoni. Kisha wakashuka wengine kwenye basi kutoka Evere, wale wa kwaya ya kanisa letu, na masufuria yamefungwa kwa vitambaa. Viatu vikajaa mlangoni hadi nikawa nasimama juu ya sandali za watu. Kila mmoja alimpa msanii mkono, akasema pole kwa sauti ya chini, akakaa. Msanii alikuwa anatazama mbele, lakini macho yake yalikuwa yanaomba maelezo. Nikampigia Papa.

“Papa, kuna watu ndani.”

“Batu gani?”

“Wote.”

Nikasikia basi likifunga milango upande wake, halafu simu ikakatika.

Mama akatokea na chupa ya chai. Nikashukuru Mungu, mtu mzima amefika. Yeye alikuwa anajua kila kitu, masharti yote. Akachungulia, akawaona wenzake wamekaa sakafuni, akavua viatu.

“Mama! Si unajua ni sanaa?”

“Najua.”

“Sasa?”

“Sasa nisimame mlangoni kama askari wa benki na wenzangu wamekaa chini? Wewe mtoto vipi?” Naye akaenda kukaa.

Kisha mmoja wa kwaya akaanza kuimba, polepole, mdomo umefungwa. Wengine wakapokea. Nikajua Riga imekwisha. Nilitaka kutoa mzaha, nikaukosa, jambo ambalo kwangu ni kama kuugua.

Maman wa saluni akamshika msanii mkono. Akamuuliza kwa Kifaransa, taratibu: “Mwanangu, ni nani wako?”

Msanii alitazama mbele vilevile. Ila machozi yakaanza kumtoka, hivihivi, uso haujasogea. Maman akachukua ncha ya khanga yake, akampangusa kama anavyompangusa mtoto aliyepaliwa. Hapo msanii akafungua mdomo, akavunja kazi yake mwenyewe.

“Hakuna aliyekufa, madame. Samahani.”

Kwaya ikanyamaza. Nikatazama viatu.

“Hakuna?” maman akasema. “Hata mjomba?”

“Hakuna.”

“Alors unaikala chini juu ya nini?” Hili alilisema kwa Kiswahili, amesahau, na Mama akalitafsiri.

Msanii akageukia dirisha la barabarani. “Kwingine nilikaa hivi, watu wakapiga picha kupitia kioo,” alisema. “Hakuna aliyeingia. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe inavyokwisha.”

Mama akawatafsiria wale wasio na Kifaransa. Maman wa saluni akageukia wenzake, akawaangalia mmoja mmoja, kama mwenyekiti anayesubiri kura. “Bon,” akasema. “Kama hakuna lufu, tukule.”

Kwa hiyo mratibu alipoingia na Papa na wageni wake, hakukuta chumba kitupu. Alikuta bukari, ugali wetu, na samaki wa kukaanga, masufuria katikati, kwaya imepandisha sauti, sasa kwa wimbo wa furaha, na msanii wa kimataifa anafundishwa na mamans wawili jinsi ya kufinyanga tonge bila kijiko. Miwani nyekundu ilishuka hadi ncha ya pua.

“Monsieur,” akamwambia Papa, “tulizungumza kuhusu hali ya kazi.”

Papa alikuwa amevaa koti lake jingine, la harusini. Mikono aliiweka nyuma kama mwanafunzi. Nimemwona Papa amekasirika, nimemwona amelala mdomo wazi, lakini sikuwahi kumwona anaomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya. “Pardon, madame,” alisema. “Ni makosa yangu. Nilipaswa kuwaeleza jirani.”

“Itabidi niandike kwamba kazi ilikatizwa.”

Sikuweza. “Haikukatizwa!” nikasema. “Waliingia kimya! Mimi nilikuwa mlangoni! Aliyevunja kazi kwa kusema ni yeye!”

Nikamnyooshea msanii kidole. Mama akanipa lile jicho, lakini nilikuwa nimeshasema. Msanii akasimama, mkono wa kulia umejaa mchuzi, akiushikilia mbali na nguo zake nyeusi.

“Mtoto anasema kweli,” alimwambia mratibu. “Mimi ndiye niliyesema. Na uamuzi wa kumkaribisha huyu bwana Riga, mliniambia, ni wangu.”

“Ndiyo, lakini...”

“Aje.”

Mratibu akasema lazima apeleke swali kwa wenzake wa Riga, kuna utaratibu. Maman wa saluni akamkalisha chini, akampa sahani. Utaratibu ukala samaki.

Tulingoja jibu wiki nyingi. Papa alikataa oda za saa, akasema ana kazi. Usiku hakugonga, mchana aligonga. Msanii aliandika kwa Mama mara mbili tatu, akiuliza namna ya kupika bukari kwa unga wa kule. Halafu wenzake wa Riga wakajibu kwamba wamekubali, na nyuso zikatoka nyuma ya kochi, nikazifunga mimi mwenyewe kwa mablanketi, kila mmoja na jina la utani nililoupa, ambalo Papa hakulijua mpaka alipozifungua kule.

Siku ya kwanza ya maonyesho nilimpigia simu nikitoka shule. Papa alikuwa amekaa kwenye chumba chake kizima, nyuso zimemzunguka, anagonga bamba jipya dirishani.

“Wamekuja?”

“Wa ufunguzi balikuya, bakakunywa divai, bakaenda. Sasa kuko mutu moja. Bibi muzee na kikapu cha ununuzi. Eko inje, ananiangalia kupitia kioo.”

“Mwambie aingie.”

“Haisikii. Kioo ni nene.”

“Sasa utafanyaje?”

Nikasikia nyundo inawekwa chini, kiti kinasukumwa.

“Nakwenda kumukamata mukono,” akasema Papa, akakata simu.