Kavumbi Atafuta Kosa Lake

Mjomba wangu Kavumbi alikuwa mtu wa maswali tangu utotoni. Inasemekana alipokuwa kwenye darasa la ubatizo alimwuliza mwalimu kama samaki ni watakatifu. Mwalimu akamwambia aache upuuzi. Kavumbi akasema si upuuzi: gharika ilimaliza watu na wanyama wote waliobaki nje ya safina, lakini samaki haikuwagusa, tena kwao ilikuwa sikukuu. Basi wao walikuwa na wema gani? Alibatizwa mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

Mimi ni mtoto wa dada yake, naitwa Arafa. Ninayoyaeleza hapa sikuhadithiwa na mtu, maana mtumbwi ulikuwa wangu na niliyeuendesha ni mimi.

Kijiji chetu kiko kando ya mto Tana, nusu siku kwa mtumbwi kutoka Garsen. Mamba wa hapo hawana haya hata kidogo. Kwa hiyo mahali pa kuteka maji tulipazungushia uzio wa miti mirefu iliyochomekwa matopeni, mmoja ukigusana na mwingine, ili mwanamke aweze kuinama na mtungi wake bila kugeuka nyuma kila mara. Kila mwaka mafuriko yaliung'oa uzio huo, na kila mwaka Kavumbi aliingia msituni kukata miti mipya. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemshukuru. Kila mti aliuchonga ncha chini, na kichwani akautia alama tatu kwa panga, ili mwaka unaofuata aitambue miti iliyostahimili.

Mwaka wa hamsini na tano aliujenga uzio mwezi wa Julai, maji yalipopungua. Mwezi wa Agosti, asubuhi moja, alitoka shambani kwenye migomba yake akaingia ndani ya uzio uleule kunawa matope. Mamba alikuwa humo ndani akimngojea. Watu walipiga kelele, wanaume wakamshindilia yule mnyama kwa fimbo na majembe, na mwishowe wakampata Kavumbi. Mguu wake wa kushoto hawakuupata. Alipelekwa hospitali, akakaa miezi minne, akarudi na magongo mawili ya kutembelea. Tangu siku ile watu waliteka maji kwingine, uzio ukabaki vilevile.

Mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi, alitufikia mara moja kwa miezi mitatu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa mzee Pekeshe. Pekeshe hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo ingawa nilimchukia mwaka ule kuliko ninavyowachukia nyani wa shambani. Jumapili ya kwanza baada ya Kavumbi kurudi, Pekeshe alisimama mbele akasema Mungu si mwonevu. Mguu wa mtu hauendi hivihivi. Ndugu yetu ana jambo amelificha, naye Mungu amelifichua. Basi akae benchi la nyuma mpaka aungame.

Benchi la nyuma lilikuwa la walevi na la wanaume wenye wake wawili. Anayekaa pale hakaribii Meza ya Bwana. Pekeshe alimpa muda hadi Pasaka: akiungama atashiriki, asipoungama jina lake litafutwa.

Kavumbi alikuwa mjane. Yeye na marehemu mkewe walishiriki Meza hiyo bega kwa bega miaka ishirini, na aliwahi kuniambia kwamba kila akipokea mkate huhisi mkewe yuko palepale kando yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki kwao wawili. Tulipotoka kanisani nilimfuata kwa hasira.

"Mjomba, usikubali," nilimwambia. "Uzio umewajengea wewe, leo wanakuketisha na walevi!"

"Huenda Pekeshe anasema kweli," akajibu. "Mtu hujisahau. Una mtumbwi, Arafa. Nipeleke kwa watu niwaulize nimewakosea nini. Hata mimi nataka kujua."

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote wakati ule. Upondo niliosukumia mtumbwi wangu ulikuwa mti wa ule uzio. Mwezi wa Julai upondo wangu ulivunjika, nami nilikuwa na mpunga wa kuvusha, nikachomoa mti mmoja wa pembeni, upande wa chini, na ya jirani yake ikalegea. Nilisema nitakata mwingine kesho niurudishie. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mamba. Kuutupa ule mti niliogopa, kuurudisha niliogopa zaidi. Zile alama tatu za kichwani nilizifunga kitambaa. Ndivyo nilivyompeleka mjomba wangu kijiji hadi kijiji kutafuta dhambi yake, nikisukumia dhambi yangu.

Siku ya kwanza aliutazama upondo akauliza, "Mbona umeuvisha kilemba?"

"Unaniumiza viganja," nikasema.

"Aa," akasema, akageuka kutazama maji.

Tulianza na Binti, mjane wa kijiji cha pili, mwanamke mnene asiye na siri. Kavumbi alimweleza shida yake. Binti alifikiri sana.

"Kosa lako nalijua," akasema mwishowe. "Ulikataa kunioa."

"Mimi? Lini?"

"Mwaka ule wa nzige. Nilikupikia samaki siku tatu mfululizo, wewe ukala, ukashukuru, ukaenda zako!"

"Binti, nilidhani ni ukarimu."

"Basi ndilo hilo kosa lako. Lakini halifiki bei ya mguu. Kidole labda."

Nilicheka hadi nikatoka nje. Kavumbi hakucheka. Aliomba radhi kwa dhati, naye Binti akatufungia samaki wa njiani.

Garsen tulimkuta Gunga, mmoja wa watu waliovuta kamba ya kivuko. Kavumbi hakumaliza kuuliza, Gunga akainamisha kichwa. Alisema yeye hajakosewa kitu, ila amekuwa akimsema Kavumbi kwa watu kwamba anajenga uzio ili asifiwe. Akaomba msamaha. Na hilo lilituandama kila tulikopita: mjomba alikwenda kutafuta makosa yake, watu wakampa ya kwao. Mmoja alimwibia ndizi. Mwingine alimwombea mabaya siku ya harusi yake. Kila mara Kavumbi alisikiliza kwa makini, akiuliza na kuuliza tena, kisha akasema, "Hilo ni lako. Langu je?" Nami nilisimama nyuma yake nimeshika upondo.

Ng'ambo ya Garsen tulimkuta Dida, mfugaji wa Kiorma ambaye Kavumbi alizoea kubadilishana naye ndizi kwa maziwa. Dida alimtazama pale mguu ulipokuwa, akasikitika wazi bila kuona haya.

"Mimi hapana jua kosa yako," akasema. "Mwaka ya kiangazi ile kubwa ng'ombe yangu alikufa, arobaini. Ng'ombe alikosa nini? Alikula nyasi tu."

"Uliuliza kwa nini?"

"Nimeuliza. Mpaka leo nauliza. Lakini hapana uliza ng'ombe."

Kavumbi alilifurahia jibu hilo ajabu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akilirudia peke yake, "Hapana uliza ng'ombe."

Wa mwisho alikuwa Pekeshe mwenyewe. Nilimwambia mjomba asiende, akaniambia Pekeshe naye ni mtu, huenda alimkosea. Tulimkuta nyuma ya nyumba yake akisuka mtego wa samaki. Kavumbi alipouliza, Pekeshe alisema hana kinyongo naye chochote. Kisha akaweka mtego chini.

"Mwanangu alipokufa kwa homa," akasema, "nilitafuta kosa langu kama unavyotafuta lako. Nikalipata. Nawe utalipata, usichoke."

"Lilikuwa kosa gani?"

"Jumapili moja nilivuna mpunga. Mvua ilikuwa inakuja, nikakosa ibada."

"Kwa hilo tu, Pekeshe? Mtoto wa miaka sita?"

"Kwa hilo. Maana kama si kwa hilo ni kwa nini?" Alisema kwa sauti ya juu, kama mtu aliyekanyagwa. "Niambie wewe mwenye maswali. Kama hakuna sababu, mimi nitalalaje?"

Tuliondoka bila kuaga vizuri. Ndani ya mtumbwi Kavumbi alifuta macho kwa kiganja. Nilikuwa nimejitayarisha kumtukana Pekeshe mpaka nyumbani, nikaona matusi yote yamenipotea mdomoni.

Pasaka ikafika. Kanisa lilijaa hadi madirishani, na Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe. Mchungaji alikuwa hajafika, alituma salamu kwamba Pekeshe aongoze. Kabla ya Meza, Pekeshe alisimama mbele akaita, "Kavumbi. Umepata?"

Mjomba aliinuka kwenye benchi la nyuma akiegemea magongo.

"Nimepita nyumba arobaini na moja," akasema. "Nimepata makosa mengi yangu. Nilikula samaki wa watu bila kuelewa. Nina maneno makali nikishikwa na njaa. Nilimcheka marehemu shemeji yangu alipokuwa akiimba. Hayo yote naungama leo. Lakini hata nikiyajumlisha, sijaona lenye ukubwa wa mguu. Sasa nina swali, mkiniruhusu."

Pekeshe alikunja uso, lakini alikubali kwa kichwa.

"Kama mguu huondolewa kwa dhambi, basi mguu hubaki kwa utakatifu. Humu ndani naona miguu mingi. Mwenye miguu miwili kwa sababu ya wema wake na asimame, nimtazame, nijifunze kwake. Mimi nitakaa."

Akakaa, magongo yakagongana.

Hakuna aliyesimama. Watu waliangalia chini kwenye miguu yao, nadhani wengi waliiona kwa mara ya kwanza. Mtu pekee aliyekuwa wima ni Pekeshe kule mbele, maana alikuwa akiongoza ibada. Alitutazama. Akatazama miguu yake mwenyewe. Kisha akarudi nyuma taratibu, akapapasa kiti, akaketi.

Hapo ndipo mimi niliposimama.

Minong'ono ilizuka. "Arafa! Yaani wewe?" Mwanamke mmoja alinivuta kanga niketi. Niliikwanyua mkononi mwake.

"Sisimami kwa wema," nikasema. "Nasimama kwa sababu ule uzio ulikuwa na pengo. Mti niliuchomoa mimi, nikaufanya upondo. Mamba alipita hapo."

Sikumbuki nilivyoendelea kusimama. Nakumbuka nililia kwa sauti mbele ya kanisa zima, mimi ambaye hata msibani huwa najikaza. Pekeshe aliruka kitini uso umemng'aa, kama mtu aliyeokota kitu alichokitafuta siku nyingi.

"Sababu ndiyo hiyo! Basi, Kavumbi atoke benchi la nyuma, Arafa aende akae!"

"Ngoja, Pekeshe," mjomba akasema. Hakuinua sauti. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Ule mti niliukata mwenyewe. Hata ukiuvisha kilemba, nitashindwaje kuujua?"

Niligeuka kumtazama. Miezi mitatu alikaa ndani ya mtumbwi wangu, ule mti ukipanda na kushuka mbele ya macho yake, wala hakunisema.

"Kama ulijua," Pekeshe akauliza, "ulikuwa unatafuta nini kwa watu?"

"Pengo lilinionyesha mamba alipopita. Basi. Wiki nne lile pengo lilikuwepo, na mkeo aliteka maji pale kila asubuhi, na watoto walioga pale. Kwa nini siku yangu? Arafa hajui, na mkimweka benchi la nyuma miaka kumi hatajua. Hilo ndilo ninalouliza, na sijapata jibu." Akasogea kidogo kwenye benchi. "Njoo ukae, mwanangu. Hapa pana nafasi."

Nilikwenda nikakaa kando yake, katikati ya walevi. Alinishika mkono, kiganja chake kigumu kama gome. Pekeshe alibaki wima pale mbele muda mrefu sana. Mwishowe alichukua mkate na kikombe kutoka Mezani, akapita katikati ya watu wote, akatuletea sisi kwanza. Mjomba alipokea, akafumba macho, na nilijua yuko na nani.

Jumatatu asubuhi niliurudisha mti. Mjomba alikaa ukingoni akituelekeza, na Pekeshe, ambaye hakuna aliyemwita, alikunja suruali akaingia majini kunishikia. Mimi nilikuwa na nyundo ya mti. Nilipoinua mikono nipige, Pekeshe aliongea bila kutazama mtu.

"Kavumbi. Yule mwanangu. Wewe unafikiri si kwa sababu ya ule mpunga?"

"Sifikiri hivyo, Pekeshe. Hata kidogo."

Machozi yalimshuka Pekeshe yakamfika kidevuni, naye hakuyafuta, maana mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

"Basi ni kwa nini?" akauliza.

"Sijui," mjomba akasema. "Shikilia mti, Arafa apige."

Pekeshe akaushikilia, nami nikapiga.